"Iko Alimbongo": Nani, au Nini?

Katika Kiswahili tunachosema Butembo na Beni, neno "iko" limebebeshwa mzigo mkubwa. Kiswahili sanifu hutenga "yuko" kwa mtu na "iko" kwa kitu kama simu. Sisi twasema "mama iko sokoni" na "simu iko mezani" kwa pumzi moja. Wenzetu wa pwani hucheka. Katika makala nyingine ningeyatetea matumizi hayo bila haya, lakini kuna sentensi moja inayonitia wasiwasi: "Iko Alimbongo." Nini kiko huko? Simu, au mwenye simu?

Swali hili limetoka darasani zamani. Tangu M23 waingie Alimbongo mnamo Desemba 2024, kuambiwa kwamba ulikuwa upande ule, au upande huu, ni neno zito. Na siku hizi anayeambiwa hivyo huenda akaonyeshwa karatasi ya simu yake. Hati huandikwa kwa Kifaransa, maswali huulizwa kwa Kiswahili au Kinande. Kifaransa husema "localisé à Alimbongo", na mkalimani, kwa nia njema kabisa, hutafsiri: "ilikuwa Alimbongo." Hapo makosa mawili yamekwisha kuingia.

Kosa la kwanza linahusu mahali. Simu iliyowashwa tu, isiyopiga wala kupokea, mtandao haujui iko chini ya mnara upi; unajua tu kundi la minara ambamo utaitafuta simu hiyo ikipigiwa. Mtu akipiga, ndipo mtandao unapoandika mnara uliompokea na upande wa antene uliotumika, ambao kwa kawaida hufunika theluthi moja ya duara. Mitandao ya kizazi cha pili hupima pia muda wa mawimbi kwenda na kurudi, na kipimo hicho hupanda kwa hatua za mita 550 hivi. Basi simu iliyo kilomita 10 kutoka kwenye mnara hupatikana ndani ya ukanda uliopinda, wenye upana wa mita 550 na urefu wa karibu kilomita 21. Minara mitatu ikiisikia simu hiyo, kanda hukatana na eneo hupungua sana. Hivyo ndivyo ilivyo mijini. Kwenye milima ya Lubero, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, aliye mgongoni mwa mlima anaweza kushika rezo ya mnara wa mbali, na aliye bondeni akanyimwa mnara ulio karibu kwa sababu kilima kimesimama katikati. Jina lililoandikwa kwenye karatasi huwa ni la mnara. Simu yenyewe huenda ilikuwa kijiji kingine kabisa.

Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alieleza vizuri kwamba "po" ni mahali mahususi, "ko" ni mahali pasipo dhahiri, na "mo" ni ndani. Kwa kipimo hicho mtandao husema "ko" daima. Kwa hiyo "iko" yetu inayochekwa ndiyo tafsiri ya haki ya jibu la mnara! Shida ni kwamba, kwa kuwa karibu hatutumii tena "ipo" kwa mahali, msikilizaji hana cha kulinganisha nacho, na huisikia "iko" kama kidole kinachoonyesha mlango wa nyumba.

Kosa la pili ni la ngeli, nalo naliona baya zaidi. "Ilikuwa Alimbongo" kwa masikio yetu hufaa kwa mtu kama inavyofaa kwa simu. Na simu huku kwetu hutembea: huazimwa, hupelekwa kuchajiwa mahali penye umeme, hubaki na dereva, huuzwa laini ikiwa ndani. Mwenzake anaposikia "ilikuwa", hajui ajitetee kwa lipi.

Najua jibu la wengine: njia hiyohiyo husaidia kuwatafuta waliotekwa barabarani. Ni kweli, na familia inayotafuta haiombi mita. Ukanda wa kilomita 21 ni bora kuliko milima yote ya Lubero. Lakini kumtafuta mtu na kumtia hatiani ni kazi mbili, na "ko" inayotosha kwa ya kwanza haitoshi kwa ya pili. Tena kukanusha kuna nguvu kuliko kuthibitisha: simu iliyopokewa na mnara wa Kasindi, hiyo saa haikuwako Alimbongo, na karatasi hiyo inaweza kumwokoa mtu, angalau kuhusu simu yake.

Ninachopendekeza kwa somo letu la tafsiri ni kubadili kiima. Tuache "simu ilikuwa Alimbongo", tuseme "mnara wa Alimbongo ulipokea simu hii saa fulani, simu ilikuwa mahali fulani katika eneo la mnara huo, aliyeishika hatajwi." Ni ndefu, najua, na wakalimani hulipwa kidogo na huharakishwa. Pia ningependa idara iweke "localisé" katika orodha ya maneno ya mtihani wa mwaka wa tatu, pamoja na "intercepté" na "identifié", ambayo yana matatizo yake.