Acheni Kucheka Maji, Someni Pamba

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kitabu. Siyo kitambaa, siyo chaja: kitabu. Kaka mmoja anayepanga vitabu vya mitumba chini, pembeni ya Mtaa wa Msimbazi, alinitolea nakala ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein isiyo na jalada, halafu kwa shilingi elfu moja ya nyongeza akanisukumia na mwongozo wake, karatasi za fotokopi zilizobanwa pini. Niliufungua ndani ya mwendokasi. Dhamira ya kwanza: ujinga na imani za kishirikina. Ya pili: umoja. Pamba nimeikuta ukurasa wa tisa, kwenye "mandhari".

Nina ugomvi na mwongozo ule, na mtihani haumo kabisa. Nagombana nao kwa sababu hivyo ndivyo sote tunavyoikumbuka Vita vya Majimaji. Wazee walinyunyiziwa maji, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitayeyuka, wakakimbilia bunduki, wakafa. Basi. Kwenye makundi ya WhatsApp, mchungaji akiuza maji ya upako, haipiti dakika mtu anaandika "Kinjekitile karudi" na vikatuni vya kucheka. Watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000 walikufa kati ya 1905 na 1907, wengi kwa njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, na sisi tumebakiwa na kichekesho.

Tuanze na pamba basi. Kuanzia 1902 serikali ya Wajerumani iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Mtu analima kwa zamu, kiboko kikiwa mgongoni, huku shamba lake mwenyewe likiliwa na nguruwe. Mwisho wa mwaka mapato yanagawanywa, na kuna waliopewa senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima. Wengine walizikataa, na mimi nawaelewa. Juu yake kulikuwa na kodi ya rupia 3. Amri hizo zilitoka wapi? Hapa hapa Dar es Salaam, kwenye ofisi za Gavana Götzen, mwendo mfupi tu kutoka pale inaposimama leo sanamu ya Askari. Mji huu tunaoupenda ulikuwa upande wa pili wa ile vita, jambo ambalo sisi watu wa mjini hatupendi kukumbushwa.

Mwishoni mwa Julai 1905, wazee wa Nandete, Umatumbini, walitangaza vita. Hawakuchoma boma. Waling'oa mashina machache ya pamba. Ukitaka kujua watu wamekasirikia nini, tazama kwanza wanachokigusa.

Mtaniambia: lakini maji yalikuwepo! Yalikuwepo, ndiyo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe (hilo ndilo jina la mtu wa kweli, Hussein alilibadili kidogo) aliwagawia watu dawa, na watu walisafiri kutoka mbali kuifuata. Na risasi hazikuyeyuka. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bombomu iliwafyeka watu kama majani. Sitetei dawa ile. Ninachouliza ni hivi: watu wa makabila zaidi ya 20, wengine jana tu walikuwa wakivamiana, ungewaunganishaje bila chama, bila gazeti, bila redio? Anayekunywa maji amekula kiapo. Kile kibuyu kilikuwa kadi ya uanachama. Na dini yenyewe ilikuwa sehemu ya ugomvi, kwani misheni zilikuwa zimeingia kusini kuwaambia watu mizimu yao ni uchafu. Septemba 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto.

Sasa sikilizeni nani wa kwanza kusema hii ilikuwa vita ya ushirikina. Ni Götzen mwenyewe. Katika kitabu chake cha 1909 alisisitiza waganga na uchawi, na kwa nini asisisitize? Mganga akiwa na kosa, gavana hana. Rechenberg, aliyemrithi 1906, alikiri kwamba sababu kubwa zilikuwa za kiuchumi. Kwa hiyo mwongozo wangu wa shilingi elfu moja, uliochapwa kwenye nchi huru, umemfuata Götzen na kumwacha hata Mjerumani mwenzake.

Linganisheni na Waingereza. Mwaka 1536, Henry VIII akifunga nyumba za watawa, maelfu ya watu wa kaskazini waliinuka wakibeba bendera yenye majeraha matano ya Kristo, wakala kiapo, wakadai watawa wao warudi na kodi zipunguzwe. Kiongozi wao, Robert Aske, alinyongwa York mwaka uliofuata. Bendera ile haikuzuia panga la mtu. Mbona hao hawaitwi wajinga? Wanaitwa waasi wenye madai, wanaandikiwa vitabu vinene. Wetu tunawawekea "imani potofu", alama mbili.

Na wa kuonewa zaidi ni Hussein. Tamthilia yake ya 1969 haianzi na maji. Inaanza na wanawake wawili wanaozungumza juu ya njaa huku wanaume wako kwenye shamba la pamba la Mzungu. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu anajua uongo huo utageuzwa kuwa jibu la kila kitu. Mwandishi aliliona hili zaidi ya miaka 50 iliyopita, akaliandika, sisi tukaligeuza swali la alama 15.

Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka. Nilikuwepo na daftari langu. Wafanyabiashara walikuwa wakilalamikia kodi na jinsi inavyokusanywa. Mama mmoja muuza vitenge alinionyesha risiti zake moja moja kama anayehesabu rozari. Jioni, mitandaoni, swali lilikuwa moja: nani kawatuma? Sikuona mtu akiuliza kuhusu zile risiti.

Jana nilirudi kwa yule kaka nikitaka kumbukumbu za wazee wa Umatumbini alizokusanya Gilbert Gwassa miaka ya 1960. Hana, hajawahi kuziona. Nikampa mwongozo wake auze tena. Aliufungua, akaona nimeandika PAMBA kwa peni nyekundu ukurasa wa kwanza, akanung'unika kwamba nimemchafulia mali. Alinirudishia mia tatu.