Sungura katika shamba la bibi

ZABIBU MBICHI
Na Mzee Chachu, Dodoma

Kuna sentensi ambayo kila nikikutana nayo huhisi nimetafuna mchanga ndani ya mlenda: “Filamu za zamani zilikuwa za familia, hazikuwa na siasa.” Wiki hii imerudi tena, safari hii ikiitetea Song of the South, filamu ya Walt Disney ya mwaka 1946 iliyochanganya waigizaji wa kweli na katuni, ambayo kampuni yenyewe imeifungia kabatini. Watetezi wanasema hizo ni zilipendwa tu: mzee mwenye ndevu nyeupe, mtoto mpweke, sungura mjanja, wimbo wa kuchangamsha. Ubaguzi uko wapi hapo? Upo, ila mnautafuta kwa sungura, na kwa sungura hamtaupata. Msomaji wangu wa Kikuyu (Kikuyu ya hapa Dodoma, si ile ya Kenya) aanze tu kunoa kalamu kwa ajili ya barua yake ya kila wiki, maana naanzia mbali.

Kisa chenyewe ni chepesi. Johnny, mtoto wa Kizungu, anapelekwa na wazazi wake kwenye shamba la bibi yake huko Georgia, kusini mwa Marekani. Naam, shamba la bibi, kwa maana ile ya kwenye ramani, na msomaji mwenye akili ameshahisi maana ya pili inakuja. Baba anarudi mjini kazini, mtoto anahuzunika, anaamua kutoroka usiku. Njiani anamkuta Mjomba Remus, mzee Mweusi anayeishi kibandani, naye anamtuliza kwa hadithi za Sungura, Mbweha na Dubu. Hapo ndipo katuni zinapoingia, na katuni hizo, niseme ukweli, ni kazi ya mafundi waliobobea. Lakini zinachukua kama robo tu ya dakika 94 za filamu. Robo tatu zilizobaki ni kazi ya kutufundisha tuzisikilizeje hadithi hizo, na somo ni moja: usiondoke. Hadithi ya kwanza ni ya Sungura aliyechoshwa na makazi yake, akapigilia mlango misumari, akaanza safari, akanaswa mtegoni. Remus anaisimulia ili Johnny arudi nyumbani. Sasa tafakari mahali inaposimuliwa. Kwenye mashamba ya Georgia, kutoroka ndiko kulikokuwa tumaini la vizazi kadhaa vya watu waliouzwa kama mbuzi mnadani. Filamu imeichukua hadithi yao, ikampa mzee wa kwao aisimulie, na funzo lake likawa kwamba anayeondoka shambani anajitafutia balaa.

Tena hairidhiki na kusema mara moja. Baadaye mama yake Johnny anamkataza Remus kukaa na mtoto, na mzee anafungasha vitu vyake aende Atlanta. Ndiyo mara pekee katika filamu nzima mtu Mweusi anaamua jambo kwa ajili ya nafsi yake. Filamu inamjibu kwa fahali: Johnny anakata njia uwanjani akimkimbilia, fahali anamjeruhi, wafanyakazi wanakusanyika usiku nje ya nyumba kubwa wakiimba kwa huzuni, na mtoto hapati nafuu mpaka Remus arudi amshike mkono. Safari ya Atlanta inaishia hapo. Mtazame na Toby, mtoto Mweusi wa rika la Johnny, aliyepewa kazi ya kumwangalia. Sherehe ya kuzaliwa ya Johnny inapofika, anayealikwa ni Ginny, binti wa Wazungu fukara. Toby haalikwi, na hakuna mtu ndani ya filamu anayeuliza kwa nini, wala mtunzi, wala kamera.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya watetezi inapoletwa, kwamba utumwa ulikuwa umeshakwisha, kwa hiyo Remus ni mtu huru anayekaa shambani kwa hiari. Vizuri, mwaka gani? Filamu haisemi. Ofisi ya Hollywood iliyokuwa ikikagua maadili ya filamu ilimshauri Disney mapema, mwaka 1944, kwamba kitabu kinachoonyeshwa mwanzoni kiweke wazi kuwa ni miaka ya 1870. Mstari mmoja tu wa maandishi ulitosha, nao haukuandikwa. Wala si jambo dogo, kwa sababu tarehe ingekuja na maswali yake. Kama ni 1870, uhuru una miaka mitano, basi mishahara ya hawa watu iko wapi? Deni lao dukani kwa mwenye shamba ni kiasi gani? Kwa nini wakitaka kuondoka wanachukiwa? Tarehe ikiondolewa, maswali yanaondoka nayo, inabaki picha ya watu wanaoimba wakienda kulima kana kwamba kuimba na kulima ni maumbile yao. Mimi nauita huo uzilipendwa: zamani inayopakuliwa bila mwaka, kama nyama isiyoulizwa imechinjwa na nani.

Msomaji atasema Georgia ni mbali. Basi tuje Ugogo. Mgogo anavyochorwa kwenye vichekesho vya mijini mnamjua: anaomba, basi. Mkono mbele, lafudhi imekuzwa, watu hoi kwa kicheko. Picha hiyo nayo haina mwaka. Ukiiwekea mwaka, unakutana na Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yakipita hapa na kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua zikakosekana katika nchi ambayo hata mwaka mwema hupata mvua ya msimu mmoja. Wazee waliiita njaa hiyo Mtunya. Ilidumu kati ya 1917 na 1920, na inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000 katika eneo lenye watu 150,000, mmoja kati ya watano. Watu walinyang'anywa ghala, kisha wakachekwa kwa kuomba, na mchekeshaji anapandwa na hasira ukimwambia anasimulia nusu ya kisa. “Ni utani tu, mzee.” Utani tunaujua huku, wenye utani na Wagogo hujulikana, na mtani wa kweli huja msibani kubeba jeneza.

Sasa sungura. Wapo wanaodhani ukiilaumu filamu unamlaumu na yeye, na wapo upande wa pili, wenye hasira ya haki, ambao wangependa azikwe pamoja nayo. Wote wamekosea. Joel Chandler Harris, mwandishi wa gazeti aliyetoa kitabu cha kwanza cha Mjomba Remus mwaka 1880, hakumbuni Sungura. Alizisikia hadithi hizo alipokuwa kijana akijifunza uchapaji kwenye shamba la Turnwold huko Georgia, kutoka kwa watumwa wa hapo. Walizitoa wapi? Chukua kisa kimoja tu. Sungura anarudi kwake, anahisi kuna adui ndani. Anasimama nje, anaisalimu nyumba. Kimya. Anashangaa kwa sauti: mbona leo nyumba haiitikii? Adui kule ndani, kwa ujinga wake, anaitikia. Kisa hicho kimo katika hadithi za Mjomba Remus, na kimo vilevile katika kitabu cha hadithi za Zanzibar ambacho George Bateman alikichapisha mwaka 1901, ambamo anayeitikia ni Simba na anayeuliza anaitwa kwa jina lake hasa, Sungura. Sisemi Georgia ilizitoa Unguja. Wengi wa waliopelekwa kule walitoka magharibi na katikati mwa Afrika, na sungura mjanja anasimuliwa kuanzia Senegali hadi Msumbiji. Nasema aliyevuka bahari alikuwa amebeba kitu kichwani, na mwenye shamba hakukiona wakati wa kumkagua meno.

Hata lile sanamu la lami ambalo katika filamu linamnasa Sungura, kwetu lina ndugu yake. Katika nchi nyingi za Kibantu husimuliwa hivi: ukame umekaza, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kushiriki kisha anakuja kuiba maji, na anayemkamata ni Kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa uwanda huu, aliyewahi kuchimba mchanga wa korongo lililokauka Oktoba, kwa nini kisa hicho kinahusu maji. Na Sungura wa Georgia anapomsihi Mbweha amfanye lolote ila asimtupe kwenye miiba, halafu anatupwa humohumo alimozaliwa na kuchomoka akicheka, mtu aliyekatisha vichaka vya Itigi ataelewa haraka kuliko mkosoaji wa New York. Hadithi ya mnyonge huyo ilikuwa shule ya kuishi chini ya mtu anayeweza kukuua. Filamu imeifanya dawa ya usingizi ya mjukuu wa mwenye shamba. Kosa lake liko hapo. Walimwacha Sungura na ujanja wake wote, wakabadilisha tu anaufanya kwa ajili ya nani.

Hata neno “mjomba” limegeuzwa. Kwetu mjomba ana haki: anaulizwa, anapewa sehemu yake ya mahari, anaweza kusimamisha harusi. Kule kusini mwa Marekani, mzee Mweusi aliitwa mjomba ili asiitwe Bwana. Wazee wetu waliofanya kazi majikoni kwa Wazungu wanalielewa hilo bila mkalimani. Mtu mwenye wajukuu aliitwa boi mpaka siku ya kustaafu.

“Lakini zama zile ndivyo walivyofikiri.” Kina nani? Walter White, aliyekuwa kiongozi wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za Weusi, alitoa tamko mwaka huohuo wa 1946: alisifu ufundi wa filamu, akasikitika kwamba inausitiri utumwa kwa picha tamu. Watu waliandamana nje ya kumbi za sinema na mabango. Hao nao waliishi zama zile. Kila anayesema “zama zile” huwa ameshachagua nani ahesabiwe kuwa mtu wa zama na nani asihesabiwe. Na James Baskett, je? Aliigiza Remus kwa utu unaoishinda filamu yenyewe, na mwaka 1948 akapewa Oscar ya heshima, mwanamume wa kwanza Mweusi kupata tuzo hiyo. Sikatai. Ila filamu ilizinduliwa Atlanta, kwenye ukumbi wa Fox, Novemba 12, 1946, na Atlanta ilikuwa mji wa ubaguzi kisheria. Mtazamaji Mweusi wa Fox alikuwa na mlango wake wa pembeni na ngazi za kupanda roshani ya juu. Baskett hakuhudhuria. Usiku huo sauti zake zilikuwa ukumbini, ya Remus na ya Mbweha pia, kwani zote mbili alizitia yeye. Katika mji uliotajwa kwenye filamu kama mahali Remus alipotaka kwenda, Baskett mwenyewe asingepewa kiti ila kule juu.

Na watoto, wanaosemwa kuwa hawaoni rangi? Mwandishi Alice Walker alizaliwa Eatonton, Georgia, mji uleule alikozaliwa Harris. Aliiona filamu hiyo utotoni, katika ukumbi uliotenganisha watu kwa rangi. Wazazi wake walizijua hadithi za Sungura na walizisimulia nyumbani. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba aliibiwa sehemu kubwa ya urithi wake, na namna ya wizi ilikuwa kumfanya auonee aibu. Huyo ni mtoto, na aliona.

Kuifungia kabatini, basi, ni toba? Tulishaishi na kabati kama hilo. Wakati wa Waingereza, wakaguzi wa filamu hapa Tanganyika walikuwa na daraja maalumu la zile ambazo Mwafrika hakustahili kuziona, na hawakutuambia zimesema nini. Filamu hii ingeonyeshwa na mwaka wake umeandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na habari ya mlango wa pembeni wa Fox, ingefundisha zaidi ya hotuba kumi. Ikifichwa inageuka tunda la siri, na watetezi wanapata la kulilia. Tena siku za mwizi ni arobaini, lakini Disney ilipewa miaka: iliitoa filamu sinemani tena na tena tangu 1946 hadi 1986. Mwaka 1989 ikajenga huko California mteremko wa maji uitwao Splash Mountain, ikawaweka Sungura, Mbweha na Dubu bila Remus, ikakata tiketi mpaka 2023, na hilo ndilo shamba la bibi kwa ile maana ya pili. Mwaka 2020 mwenyekiti wa kampuni alikuwa amekwisha kusema filamu haifai kwa dunia ya leo. Sizitaki mbichi hizi! Msomaji wangu wa Kikuyu, wewe unalima, kwa hiyo kwenye barua yako nijibu hili tu kabla ya matusi: zabibu ikishakamuliwa, ikawa divai, ikauzwa, chupa zikaisha, huwa unaenda kwa nani kumwambia ilikuwa bado haijaiva?