Ujuzi wa zimamoto upimwe, usisubiri tamko

Na Zuberi Mhando

Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, asubuhi ya Novemba 6, 2022, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Ndani ya ndege walikuwamo watu 43, na 19 walipoteza maisha. Haikupita muda, kijana mmoja kati ya wavuvi hao, Majaliwa Jackson, akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apate mafunzo na ajira. Nchi ilifurahi, nami nilifurahi. Ila mlango ule ulifunguliwa na tamko la viongozi, na tamko haliwezi kumfikia kila mwenye ujuzi.

Nawafikiria hasa watu ambao tayari wamefundishwa kazi hii. Migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa ina vikosi vyake vya uokoaji. Kwenye maghala ya mafuta, bandarini na viwandani kuna wafanyakazi waliojifunza kuvaa mtungi wa hewa, kuendesha pampu na kumtoa majeruhi kwenye moshi. Mkataba wa mtu kama huyo ukiisha, mara nyingi anaondoka na karatasi yenye nembo ya kampuni, na mwajiri mwingine hana pa kuipimia thamani yake. Akitaka kuingia kwenye mafunzo rasmi anaanzia pale anapoanzia kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Akiwa ameshavuka umri uliotajwa kwenye tangazo la ajira, hata hapo hafiki. Huu ni upotevu, na unatuumiza sisi tunaoishi kwenye miji ambayo gari la faya huchelewa kwa foleni na vichochoro.

Njia ya kuuzuia tunayo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazini: waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi, wahudumu wa hoteli. Fundi analeta ushahidi wa kazi zake, anahojiwa na mtathmini anayeijua kazi, kisha anafanya kazi mbele yake. Akionekana amepungukiwa mahali, anafundishwa hapo tu, halafu anapewa cheti. Sioni kwa nini zimamoto ikae nje ya utaratibu huo.

Wapo watakaosema kujenga ukuta si sawa na kuingia kwenye jengo linaloungua. Ni kweli, na ndiyo maana nataka kipimo chenyewe kiwe kigumu. Chukua mtungi wa lita sita uliojazwa hadi bar 300. Una hewa ya lita 1,800 hivi. Kwa hesabu ya kawaida ya lita 40 kwa dakika, ni dakika 45. Lakini mtu anayeburuta mpira wenye maji kupanda ngazi, gizani, moyo ukienda mbio, anavuta hewa nyingi zaidi ya hiyo. Anayeijua kazi husoma geji yake kila mara na hupanga kurudi mapema, ili filimbi ya tahadhari imkute ameshatoka. Asiyeijua husubiri filimbi ndipo aanze kutafuta mlango. Tofauti hiyo haionekani kwenye cheti cha mtu, iwe cha chuo au cha kampuni. Mvishe mtungi, mwingize kwenye chumba cha moshi, utaiona mapema.

Kwa hiyo siombi mtu apitishwe kwa sababu alifanya kazi miaka mingi. Ujuzi usiotumika hupotea, na aliyekaa nje muda mrefu apimwe kwa anachoweza leo. Gwaride, sheria na nidhamu ya jeshi afundishwe kama mwenzake yeyote. Ninachokataa ni kumrudisha mtu darasani kujifunza kuunganisha mipira aliyoiunganisha usiku wa moto halisi.

Marekani, ambako miji na kaunti zina idara zao za zimamoto, waliligusa tatizo hili zamani. Kuna kiwango cha NFPA, chama chao cha kinga ya moto, kinachoeleza zimamoto wa daraja la kwanza na la pili awe anaweza nini, na kuna vyombo viwili, Pro Board na IFSAC, vinavyoithibitisha mamlaka ya upimaji. Cheti chenye muhuri wao humsaidia mtu anapohama jimbo, ingawa kila jimbo lina uamuzi wake. La kuchukua hapo ni kwamba muhuri hautegemei neno la mwajiri peke yake.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wa ziada, kwa kuwa Zanzibar ina kikosi chake, KZU, chini ya Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Kijana aliyeiva Unguja akihamia Tanga, kiwango chake kisomeke Tanga.

Jeshi liandike kiwango, VETA ipime, na Chuo cha Zimamoto na Uokoaji cha Chogo, Handeni, kitoe uwanja na wakufunzi. Waanze na mambo matatu: kifaa cha kupumulia, pampu na mipira, huduma ya kwanza kwa majeruhi. Kila moja liwe na cheti chake, ili aliyefaulu mawili asirudie yote kwa sababu ya la tatu. Na ada iwekwe kwa kumfikiria aliyeachishwa kazi mgodini, kwa sababu huyo ndiye tunayemhitaji.