Baiskeli Haisahauliki, Lakini Mwili Husahau

Upo usemi unaosikika mara kwa mara, mijini na vijijini, kwamba aliyejua kuendesha baiskeli hasahau kamwe. Mtu mzima wa Haneti aliyeiacha baiskeli tangu ujana wake huambiwa maneno hayo anaposhika tena usukani, na watu walioketi kibarazani humwangalia kama atayathibitisha au atayakanusha. Aghalabu huyathibitisha: hupepesuka hatua chache, kisha hunyooka, akaondoka. Lakini usemi huo ni nusu tu ya ukweli. Nusu iliyosalia ndiyo iletayo majeraha, na ndiyo iwafanyayo wengi kuiegemeza baiskeli ukutani baada ya siku tatu na kutoigusa tena.

Haneti iko kaskazini ya mji wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Babati. Wanajiolojia wanaijua kwa miamba yake yenye nikeli na kwa krisopresi, lile jiwe la kijani ambalo rangi yake hutokana na nikeli hiyo hiyo. Wasafiri waliijua zaidi kwa vumbi. Enzi ile ya vumbi, baiskeli ndiyo iliyokuwa chombo cha mtu wa kawaida: Phoenix kutoka China, Raleigh kutoka Uingereza, na zile zilizotoka katika kiwanda cha taifa cha NABICO kilichokuwa Dar es Salaam. Baiskeli ilibeba gunia la uwele, dumu la maji, mgonjwa na bibi harusi. Baadaye, katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu zikaingia nchini kwa wingi, na kijana aliyekuwa akikanyaga pedali akawa abiria wa bodaboda. Mwaka 2018 barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati ikafunguliwa rasmi. Hivi leo wako wanaoirudia baiskeli, mmoja kwa sababu ya bei ya petroli, mwingine kwa sababu ameambiwa na daktari kwamba shinikizo lake la damu limepanda na kwamba kukaa kitako kunamdhuru.

Kwanza yafaa kueleza ni kitu gani hasa kisichosahaulika. Baiskeli iliyosimama huanguka, iendayo husimama. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba mzunguko wa magurudumu ndio uishikiliao, kama pia inavyosimama ikiwa inazunguka. Mwaka 1970 mwanasayansi wa Kiingereza David Jones alijaribu kuunda baiskeli isiyoendesheka. Mojawapo aliiongezea gurudumu jingine lililozunguka kinyume ili kuufuta mzunguko wa kwanza, na bado aliweza kuiendesha. Mwaka 2011 watafiti wengine walionyesha kwamba chombo cha magurudumu mawili chaweza kujisimamisha chenyewe hata kama mzunguko huo umefutwa na hata kama uma wa mbele haukuinamishwa kwa namna ya kawaida. Kanuni iliyo wazi ni hii: baiskeli inapoinama kushoto, usukani hauna budi kugeuka kushoto kidogo, ili magurudumu yarudi chini ya uzito. Mwendeshaji hufanya hivyo mara nyingi katika kila dakika bila kujua kwamba anafanya. Mwulize aliyeendesha miaka 20 jinsi anavyokata kona. Huenda akaeleza kinyume kabisa cha afanyavyo.

Ujuzi wa namna hii huhifadhiwa mahali pake katika ubongo. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa, na tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mtaalamu Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akitazama mkono wake katika kioo, na mwaka 1962 alichapisha aliyoyaona. Kila siku Molaison alisema hajawahi kuliona zoezi lile, lakini kila siku mkono wake ulilifanya vizuri kuliko jana yake. Kumbe kuna kumbukumbu ya kusimulia na kuna kumbukumbu ya kutenda, nayo hii ya pili hutegemea sana sehemu nyingine, mojawapo ikiwa ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Mwanafunzi aweza kusahau tarehe za historia alizokariri mwaka jana, na babu yake akakumbuka mizani ya baiskeli aliyoiacha kabla mwanafunzi huyo hajazaliwa.

Hapo ndipo usemi ule unapoishia. Ubongo mdogo huhifadhi amri, lakini misuli itakayoitii amri hiyo imebadilika. Wataalamu hukadiria kwamba baada ya umri wa miaka 30 mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10. Kwa asiyefanya mazoezi, uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa karibu asilimia 10 katika muda huo huo. Jicho huchelewa, shingo hugeuka kwa shida, na mkono uliokuwa ukikamata breki papo hapo sasa hukawia kidogo. Hatari ya mtu mzima arudiaye baiskeli ni kwamba mizani humjia siku ya kwanza, nayo mizani humdanganya kwamba na mengine yote yamerudi. Hujipa safari ya ujana wake kwa moyo wa umri wake wa sasa. Mtoto anayejifunza huanguka kwa mwendo mdogo na kutoka kimo kifupi. Mtu mzima aliyejiamini huanguka akiwa katika kasi, na mifupa yake si ile ya mtoto.

Hata hivyo asikate tamaa. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Maria Fiatarone waliwapa mazoezi ya nguvu za miguu wazee dhaifu waliokaribia au kupita umri wa miaka 90. Baada ya wiki 8 nguvu zao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Misuli haina umri wa kukataa kufundishwa, ila hudai muda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki. Dakika 30 za baiskeli katika siku 5 zatosha kulifikia lile lengo la chini. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua na apimwe kwanza katika kituo cha afya. Hilo si jambo la kufanyiwa mzaha.

Sasa zije hesabu, nazo ni hesabu ambazo mwalimu wa fizikia aweza kuzifanya ubaoni. Chukua mwendeshaji wa kilo 65 juu ya baiskeli nzito ya kilo 20, akienda kilomita 15 kwa saa, yaani karibu mita 4.2 kwa sekunde. Juu ya lami, ukinzani wa matairi yaliyojazwa vyema ni kadiri ya newtoni 7, na ukinzani wa hewa ni kadiri ya newtoni 5. Zidisha jumla kwa mwendo, utapata wati 50 hivi. Mtu mzima mwenye afya asiye na mazoezi aweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda wa saa nzima. Kwa hiyo yu salama, na hata ana akiba.

Mtoe sasa katika lami, umpeleke katika njia ya kichanga iendayo shambani. Ukinzani wa matairi hupanda hata kufikia newtoni 25 au kuzidi, na kazi yake hupita wati 120. Akiba imekwisha, na mtu huyo atatweta baada ya dakika chache akidhani kwamba ni uzee, kumbe ni mchanga. Mrudishe barabarani, lakini mwezi Agosti, upepo mkavu wa uwanda huu ukimkabili kwa kilomita 15 kwa saa. Upepo huo ukijumlishwa na mwendo wake, hewa humpiga kana kwamba anakwenda kilomita 30. Kwa kuwa ukinzani wa hewa hufuata kipeo cha pili cha mwendo wa hewa, hapo huwa mara 4 ya ule wa kwanza, na jumla ya kazi hukaribia wati 120 vile vile. Wazee wa Ugogo walioondoka alfajiri kabla ya upepo kuamka hawakuhitaji hesabu hizi, lakini hesabu zinawaunga mkono.

Na chakula je? Mwili hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya miguuni. Wati 50 kwa saa moja ni kilojouli 180 za kazi. Mara 4 yake ni kilojouli 720. Kiasi hicho hupatikana katika gramu 50 hivi za unga wa uwele, yaani konzi moja, nacho kimempeleka mtu kilomita 15. Pikipiki ndogo itakayokwenda kilomita hizo hizo hutumia kadiri ya theluthi moja ya lita ya petroli, na nishati iliyomo humo ni zaidi ya mara 10 ya ile ya konzi ya unga. Mwaka 1973 Mwingereza S. S. Wilson, akiandika katika jarida la Scientific American, alionyesha kwamba mtu juu ya baiskeli hutumia kiasi cha moja ya tano ya nishati atumiayo akitembea umbali ule ule, na kwamba humshinda kila mnyama aliyepimwa. Swala wa nyika naye yumo katika walioshindwa.

Lami, basi, imemrahisishia mwendeshaji kazi. Lakini lami hiyo hiyo imewarahisishia pia wenye malori na mabasi. Nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi: basi liendalo kilomita 100 kwa saa lina nishati mara 4 ya lile liendalo kilomita 50. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari huongezeka mara 4.5 kasi ikipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, na mwili wa mwendeshaji baiskeli haukuundwa kwa udongo mwingine. Kibao cha kilomita 50 kinachosimama kijijini kimesimama juu ya hesabu hiyo. Dereva anayekipita kwa 80 hana sababu ya kisayansi wala ya kibinadamu.

Hapa pana neno la kusemwa waziwazi. Kumhimiza mtu mzima arudie baiskeli kwa ajili ya moyo wake, kisha kumwacha agawane ukanda mmoja na lori, ni kumtibu kwa mkono wa kulia na kumdhuru kwa wa kushoto. Njia ya baiskeli kando ya barabara kuu, hata ikiwa ya changarawe iliyoshindiliwa na yenye urefu wa kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho wake tu, si anasa. Ni sehemu ya barabara kama daraja lilivyo sehemu ya barabara, nayo yapasa kuingizwa katika ramani tangu mwanzo, si kuombwa baada ya misiba. Wapo watakaosema kwamba waendeshaji ni wachache mno. Jibu ni kwamba hakuna apimaye haja ya daraja kwa kuwahesabu wanaovuka mto kwa kuogelea.

Kizuizi kingine hakina vipimo: ni aibu. Baiskeli imekuja kuhesabiwa kuwa chombo cha mtoto au cha asiye na uwezo, na mwalimu afikaye shuleni akikanyaga pedali huulizwa kama pikipiki yake imeharibika. Kwa mwanamke aibu hiyo huwa maradufu, kwani wengi hawakuruhusiwa hata kujifunza walipokuwa wasichana. Kwake yeye usemi wa kutosahau hauna maana. Huyu hana budi kuanza mwanzo, naye aweza. Njia nzuri ni kufungua pedali zote mbili, kushusha kiti mpaka nyayo zikanyage ardhi, na kujisukuma kwa miguu uwanjani hadi mizani ije. Pedali hurudishwa mwisho. Ikiwa shule ina baiskeli moja tu ya kufundishia mizani, msuguano na uwiano wa gia, mama wa mwanafunzi aweza kuitumia jioni.

Arudiaye baada ya miaka mingi naye afaidike na kiti kilichoshushwa kwa siku chache za kwanza. Akishazoea, kipandishwe: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka, na anapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti lipinde kidogo tu. Wengi hulaumu magoti yao kwa kosa la kiti kifupi. Breki zijaribiwe kabla ya kuondoka, si mteremkoni. Matairi yajazwe vyema kwa lami, yapunguzwe upepo kidogo kwa kichanga. Masika, udongo mweusi wa mbuga ukishika katika kinga-matope, ni afadhali kushuka na kuukwangua kwa kijiti kuliko kushindana nao.

Kisha iko mbigiri, mmea utambaao kando ya njia zote za nchi hii kavu. Tunda lake lina miiba iliyopangwa kwa namna ambayo, likianguka vyovyote, mmoja huelekea juu. Tairi kuukuu haliwezi kuuzuia. Mwenye safari na achukue pampu, viraka na gundi. Na kabla ya kurudisha mpira wa ndani apapase kwa vidole, taratibu, tairi lote upande wa ndani, kwa sababu mwiba uliotoboa mara ya kwanza kwa kawaida ungali mumo humo.