Bunduki ni Dhamana, Usalama Ndio Haki

Maneno "haki" na "ruhusa" hukaribiana sana katika mazungumzo yetu, hata wengi wetu huyachanganya. Lakini haki ni stahili ya mtu, haiombwi; ruhusa huombwa, na aliyeitoa aweza kuitwaa. Mwanafunzi akiyakosea maneno haya katika insha hupoteza alama moja au mbili. Taifa likiyakosea katika suala la bunduki, linalopotea ni roho za watu.

Wapo Wakenya ambao husikia habari za Marekani, ambako marekebisho ya katiba ya mwaka 1791 yanataja haki ya raia kuwa na silaha, nao wakadhani kwamba hapa pia mambo ni yayo hayo. Sivyo. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji aonyeshe sababu ya maana ya kuhitaji bunduki, na anayetoa leseni aridhike kwamba silaha hiyo haitahatarisha usalama wa umma. Katiba ya 2010 haimpi raia haki ya bunduki. Inampa haki ya kuishi katika Kifungu cha 26, na katika Kifungu cha 29 inamkinga dhidi ya ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi.

Basi je, suala limekwisha? La, hasha! Haki ya kuishi ina mdai na mdaiwa. Mdai ni raia, na mdaiwa ni serikali. Mdaiwa asipolipa, mdai hujitafutia njia yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 1979, Idi Amin alipopinduliwa na askari wake kuikimbia kambi ya Moroto, Wakaramojong waliivunja ghala ya silaha. Bunduki hizo zilivuka mipaka, na jamii jirani za Wapokot na Waturkana nazo zikatafuta zao ili zisiangamizwe. Serikali ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, mto huo ukapata kijito kingine. Mfugaji aliyeuza fahali wake kununua bunduki hakuwa na nia ya kuvunja sheria. Aliona jirani yake anayo, na kituo cha polisi kiko mbali.

Lakini kinga hiyo imegeuka kuwa msiba. Kila boma likiongeza bunduki moja, boma la pili huongeza mbili, na hakuna anayelala usingizi zaidi ya alivyolala jana. Februari 2022, basi la wanafunzi waliokuwa wakirejea kutoka ziara ya masomo lilimiminiwa risasi katika Bonde la Kerio. Dereva aliuawa na wanafunzi wakajeruhiwa. Mwalimu mwenzangu, unayesoma makala haya katika ofisi tulivu, fikiria kufunza sarufi huku sikio moja likiwa dirishani. Ni haki ya nani iliyolindwa siku ile?

Tiba iliyotumiwa mara kwa mara ni kunyang'anya silaha, na mara nyingi imefanywa kwa upande mmoja. Mwaka 2019 askari wa akiba katika maeneo hayo waliamriwa kurudisha bunduki za serikali. Walioandikishwa kisheria wakabaki mikono mitupu, ilhali majangili hawakurudisha hata risasi moja. Mwaka 2023 serikali ilituma wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za Bonde la Ufa, na wenye silaha haramu wakapewa siku tatu wazisalimishe. Operesheni huja na kupita, lakini mfugaji hubaki pale pale. Akiambiwa asalimishe bunduki, anayo haki ya kuuliza: nani atalilinda zizi langu usiku wa leo?

Swali hilo halijibiwi kwa helikopta. Hujibiwa kwa kituo cha polisi kilicho karibu, kwa barabara ambayo gari la polisi laweza kupita, na kwa kuzikusanya silaha za majirani wote siku moja, si za Wapokot leo na za Wamarakwet mwaka ujao. Mkono mmoja haulei mwana.

Mijini nako sheria isiwe na macho ya kuchagua. Tumesikia zaidi ya mara moja kisa cha mheshimiwa aliyechomoa bastola kwa ugomvi wa maneno tu. Mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliamriwa wakahakikiwe upya. Uhakiki wa namna hiyo uwe desturi, usingoje mtu auawe. Hatuwezi kumwita mchungaji wa Tiaty jangili kwa kuwa na bunduki, kisha tukamwita tajiri wa Nairobi mwenye kuitumia vibaya "mwenye leseni".

Bunduki ni dhamana iliyo mikononi mwa wachache kwa niaba ya wengi. Anayeitaka kutoka kwa raia sharti kwanza alipe deni lake la ulinzi. Na anayepewa leseni akumbuke kwamba alipewa ruhusa. Haki ya kuishi ni ya yule aliyesimama mbele ya mtutu.