Ramani Haikutupwa na Mchawi

Wako watu wasemao kwamba sinema ya kutisha ni upuuzi usiomfaa askari. Mtu aliyefunzwa kukabili risasi, husema, atajifunza nini kwa vijana watatu wanaolia porini? Sisi hatukubaliani nao. Ipo filamu moja ya Marekani, iitwayo The Blair Witch Project, iliyotoka mwaka 1999, ambayo twaona yafaa kuonyeshwa kambini, kisha ikazungumzwe.

Filamu hiyo haikutengenezwa kwa fahari. Waongozaji wake, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliipiga picha mwezi Oktoba 1997 kwa muda wa siku nane tu, sehemu kubwa katika msitu wa Seneca Creek, jimbo la Maryland. Waigizaji watatu walishika kamera wenyewe. Kila siku waliachiwa maagizo mafupi pamoja na chakula, na chakula hicho kilipunguzwa kwa makusudi. Usiku watengenezaji walilinyemelea hema lao na kulitikisa. Kazi hiyo ya fedha kidogo iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Wengi walistaajabu. Askari hana haja ya kustaajabu, kwani ajua kuwa njaa, baridi na kukosa usingizi humvunja mtu moyo hata kabla adui hajatokea.

Hadithi yenyewe ni fupi. Wanafunzi watatu, Heather, Josh na Mike, waingia msituni karibu na kijiji cha Burkittsville kutafuta habari za mchawi wa kale, nao wapotea. Haba na haba hujaza kibaba: leo mafungu ya mawe mbele ya hema, kesho vijiti vilivyofungwa mfano wa binadamu vikining'inia mitini, kila usiku sauti gizani. Mchawi haonekani hata mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Wenye haraka hulalamika kwamba hakuna linalotokea. Aliyepata kushika lindo saa tisa za usiku hawezi kusema hivyo. Yeye ajua jinsi kisiki kiotavyo mikono gizani, na jinsi kidole kinavyotafuta mtambo wa bunduki kabla ya akili kuuliza ni nani apitaye.

Twawaomba askari watazame kwa makini ni nini kilichowaponza vijana wale. Heather, aliye kiongozi, hakubali kwamba amepotea njia. Kisha ramani yatoweka. Walaumiana mpaka Mike akiri, huku akicheka, kwamba yeye ndiye aliyeipiga teke ikaanguka mtoni, maana aliiona haina faida. Baadaye watembea mchana kutwa kuelekea kusini, na mwisho wajikuta kwenye gogo lile lile walilokwisha kulivuka. Huenda hayo ni mazingaombwe; filamu haisemi. Lakini ramani haikutupwa na mchawi. Ilitupwa na mwenzao, kwa hasira. Kikosi kilichofikia hapo kimekwisha kushindwa, awe adui yupo au hayupo.

Kwa ndugu zetu polisi lipo somo la pili, nalo ni zito zaidi. Katika hekaya iliyobuniwa kwa ajili ya filamu hiyo, mwanamke aitwaye Elly Kedward alishtakiwa uchawi mwaka 1785 kwa maneno ya watoto, akafukuzwa kijijini wakati wa baridi kali, akaachwa afie msituni. Mambo yote ya kutisha yaanzia hapo. Watazamaji wengi humwogopa mwanamke huyo. Wachache huuliza ni nani aliyethibitisha kosa lake. Katika Afrika Mashariki yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma kama hizo, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa mekoni. Polisi ambaye naye amwogopa bibi kizee hatakwenda mbio kumwokoa.

Tena, kabla filamu haijaonyeshwa kwa umma, watengenezaji walieneza habari kwamba vijana wale wametoweka kweli, hata wakagawa karatasi za kuwatafuta kwenye tamasha la Sundance. Waigizaji walikuwa hai na salama, lakini watu wengi waliamini. Wageni wakafurika Burkittsville, kijiji chenye watu wasiofika mia mbili, wakaiba hata mabango yenye jina la kijiji. Uvumi uliotungwa kwa biashara ukawa taabu ya kweli kwa raia wasio na hatia.

Hatusemi kwamba filamu hiyo haina kasoro. Matusi ni mengi, na kamera yatikisika hadi kumpa mtu kizunguzungu. Zaidi ya hayo, yaacha swali la uchawi bila jibu, na mwenye kuamini aweza kutoka akiwa ameamini zaidi. Kwa sababu hiyo hatupendi ionyeshwe ovyo ili kupoteza usiku. Taa zikiwashwa, afisa asimame mbele ya vijana wake awaulize mambo mawili: kwa nini ramani ilitupwa, na Elly Kedward alihukumiwa kwa ushahidi gani? Askari awezaye kujibu maswali hayo tutamwamini katika lindo la usiku, na hata mlangoni pa kikongwe aliyezingirwa na umati wenye mawe.