Mpira wa Shingoni Hautolewi Mgonjwa Ameketi

Msomaji, ikiwa una jamaa anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, au umewahi kumwona mgonjwa mahututi, huenda umeuona mpira mwembamba uliotumbukizwa shingoni mwake. Madaktari huuita katheta. Ncha yake hufika kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Siku ya kuutia mpira huo jamaa wote huwa roho mkononi. Siku ya kuutoa hakuna anayejali, kana kwamba ni plasta inayobanduliwa. Kumbe hatari ipo hapo pia.

Mtu akiketi, mshipa wa shingo huwa juu ya moyo, na kila avutapo pumzi kifua hunyonya damu kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija. Mpira ukichomolewa wakati huo, tundu linaloachwa laweza kunyonya hewa. Hewa nyingi ikiingia moyoni huziba njia ya damu iendayo mapafuni, na mgonjwa aliyekuwa akifunga virago kwenda nyumbani hukosa pumzi ghafla, akazirai, na hata kufa.

Kwa hivyo muuguzi mwangalifu humlaza chali bila mto, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu ikiwa hali yake inaruhusu. Humwambia atoe pumzi na kuizuia, au avume "mmm", ndipo auvute mpira taratibu. Ukikwama haulazimishwi, daktari huitwa. Kisha hubana tundu kwa shashi dakika 5 au zaidi, akalifunika kwa bendeji isiyopitisha hewa, na kuukagua mpira asije akaacha kipande ndani. Mgonjwa hubaki amelala kama nusu saa, hata kama teksi inangoja langoni, na bendeji hukaa angalau siku nzima.

Mipira ya figo ya kukaa muda mrefu, iliyopitishwa chini ya ngozi na kushikana na nyama, si ya kuvutwa hivyo. Hiyo huachiwa daktari au mtaalamu aliyefunzwa kuitoa.

Wadi zetu hujaa na wauguzi ni wachache, kwa hivyo haraka hutokea. Kuuliza, "Sista, si alale kwanza?" si utovu wa adabu.

Na pumzi ikianza kumpaa, asiketishwe. Tundu libanwe, alazwe ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, apewe oksijeni, na daktari aitwe mbio.